Kitako cha Mjozi

Mdogo wangu Denzil alikuwa amebakiza msimu mmoja tu wa kuwinda kindi, naye alijua. Mimi sikujua. Aliutaka msimu huo autumie na binti yake Raelynn, kwenye mlima ulio nyuma ya nyumba yao, kama baba yetu alivyotupandisha sisi, na alichohitaji kutoka kwangu ni bunduki ndogo ya kumtosha mtoto wa miaka tisa. Mwenye duka ni mimi. Niliyemuuzia ni mimi. Kwa hiyo msinitafutie mtu wa kumlaumu, nimekwisha kumpata.

Duka tuliachiwa na baba: misumari, mbegu, minyororo ya misumeno, chakula cha kuku, na ukutani nyuma ya kaunta, bunduki. Watu wa bonde letu la Laurel, huku West Virginia, hawanunui bunduki kabla hawajaniuliza Verna anasemaje. Nalisema hili bila haya kwa sababu ni kweli, na balaa lilianzia hapo hapo. Mtu aliyezoea kuulizwa husahau kuuliza.

Walikuja Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Denzil alipanda ngazi tatu za mlangoni akasimama, akajifanya anasoma tangazo la mbwa aliyepotea.

"Hilo lina mwezi sasa," nikamwambia. "Mbwa mwenyewe alisharudi, tena na mimba."

"Acha nisome, dada. Kusoma ni bure."

Alikuwa ameacha kazi mgodini tangu majira ya kuchipua, baada ya miaka ishirini na miwili chini ya ardhi. Alisema amechoka na bosi mpya. Nilimwamini, maana bosi mpya nilikuwa namjua, hata mimi angenichosha.

Raelynn hakungoja wazee wamalize. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, akatoa bunduki fupi ya watoto, ile ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, yenye kitako cha mti laini kilichopakwa rangi ya kijani. Aliielekeza chini, akafungua bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi, akachungulia kuhakikisha haina kitu, kama baba yake alivyomfunza. Kisha akaiweka begani. Ilimkaa kama iliyokatiwa yeye.

"Baba, hii!"

"Rudisha hicho kijiti," nikasema mimi.

"Verna," Denzil akasema.

"Verna nini? Mtutu wake bomba la maji. Kifyatulio ukikivuta ni kama unakokota ng'ombe mkaidi. Mtoto atakosa, atadhani kosa ni lake, kumbe ni la bunduki. Unataka hivyo?"

Nikapanda kigoda, nikateremsha bunduki niliyokuwa nimeiweka juu kabisa, mbali na vidole vya watu. Risasi ni zile zile ndogo, lakini hiyo ilikuwa bunduki hasa. Mtutu ulionyooka, bolti inayoteleza bila kelele, kifyatulio kinachoachia bila kukuvuta mkono. Kwa yadi hamsini ingeziweka risasi tano ndani ya kifungo cha koti. Na kitako chake kilikuwa cha mjozi, mti wenye mistari ya kahawia na nyeusi iliyopindana hata ukitazama unasahau ulichotaka kusema. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta ile sikuwahi kupata mjozi wa namna ile.

Denzil aliipokea, akaipangusa kwa kiganja. "Nzuri, dada. Sikatai. Lakini ndefu."

"Atakua."

"Nataka ya sasa hivi."

"Ya sasa hivi, ya sasa hivi! Una haraka ya kwenda wapi?"

Alilitazama tena lile tangazo la mbwa. Nami nikapita juu ya ule ukimya kama mtu anayeruka kidimbwi.

"Msimu unafunguliwa wiki mbili zijazo," akasema hatimaye.

Tukampima mtoto. Kipimo ni rahisi, kila mtu bondeni anakijua: unaweka kitako kwenye kiwiko kwa ndani, mkono umekunjwa, kidole kinatakiwa kifike kwenye kifyatulio. Kidole cha Raelynn kilipungua kwa upana wa vidole viwili na zaidi.

"Basi ikate," Denzil akasema. "Kipande tutakitunza. Akikua unakibandika."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na kila mwaka nakata vitako vya watoto wa watu. Unakata kipande nyuma, unaandika jina la mtoto, kipande kinalala kwenye droo ya mama yake mpaka mikono irefuke. Lakini vile ni vitako vya mti wa kawaida. Mjozi ule ukiukata, hata ukiunganishwa na fundi gani, mstari utaonekana milele.

"Nikate hii? Umerukwa na akili? Baba atafufuka anizabe kofi. Bunduki kama hii mtu ananunua mara moja, Denzil. Atawinda nayo, ataolewa nayo, atamfundishia mwanawe. Unataka msumeno upite hapo kwa sababu ya miaka miwili?"

Alijaribu mara moja tena, kwa sauti ndogo, kisha akaacha. Tangu utotoni Denzil hakuwahi kunishinda kwa maneno, na siku ile hakuwa na pumzi ya kujaribu. Raelynn aliigusa ile ya kijani, akairudisha rafuni taratibu.

"Asante, shangazi," akaniambia. Amelelewa vizuri mtoto yule.

Walipanda mlimani mara mbili tu. Mara ya kwanza, Denzil aliniambia, walimkuta kindi mnono amekaa kwenye mti wa mhikori, anatafuna njugu zake bila wasiwasi. Raelynn akainua bunduki, mtutu ukayumba, akakosa. Akakosa na wa pili, na wa tatu. Mara ya pili aliomba warudi nyumbani kabla jua halijafika kwenye ukingo wa mlima. Jumamosi ya tatu Denzil alivaa viatu, akachemsha kahawa, akaenda kumwamsha, na mtoto akasema kutoka chini ya blanketi kwamba hataki.

Alikuja dukani peke yake siku hiyo. Aliegemea kaunta kwa mikono yote miwili.

"Hapendi, dada."

"Hapendi nini?"

"Kuwinda. Ameniambia mwenyewe. Si kila mtoto anapenda, na sitamlazimisha." Akageukia rafu ya mbegu, akasimama kuangalia pakiti za figili kwa muda mrefu kuliko figili zinavyostahili. "Nilidhani tu atapenda."

Uso wake sikuuona. Hasira zikanipanda, tena zikapanda juu ya mtoto. Jumapili yake, kanisani, ibada ilipokwisha na watu wamesimama na vikombe vya kahawa, nikamshika Raelynn bega mbele ya wote.

"Wewe bibi mdogo! Baba yako kakupa bunduki bora kuliko zote bondeni, nawe unalala mpaka saa tatu asubuhi? Uvivu huo umeutoa kwa nani? Si kwetu!"

Watu wakacheka. Raelynn akavitazama viatu vyake. "Samahani, shangazi."

Katikati ya Novemba Denzil alianguka jikoni. Alikaa hospitali siku sita, akarudishwa na kitanda cha chuma kilichowekwa sebuleni, mashine ya oksijeni inayonguruma mchana kutwa, na mrija mrefu uliomfuata kila alikogeuka. Mkewe, wifi yangu Misty, alinivuta kwenye chumba cha kufulia akafunga mlango.

"Ni vumbi la mgodini, wifi. Mapafu yamekuwa mawe. Daktari alitwambia tangu Julai. Alisema akifika Krismasi tushukuru."

"Julai?"

"Alinikataza nisikwambie. Alisema utafunga duka uje umlilie kabla hajafa."

Nilikaa juu ya mashine ya kufulia. Julai, halafu Agosti. Nilimwona tena amesimama mbele ya lile tangazo anatafuta pumzi, nami namuuliza ana haraka ya kwenda wapi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba humuumbua na dada yake pia.

Nilipotoka, Raelynn alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikavuta kiti. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani namuuliza mtu swali nikiwa sijui jibu.

"Mama, kwa nini hukutaka kwenda na baba?"

"Nilitaka."

"Ulisema hutaki."

Akaendelea kumenya. "Haifiki, shangazi. Kitako kinaingia huku kwapani. Nikinyoosha mkono unatetemeka, siwezi kuutuliza. Baba anasema polepole, jaribu tena, halafu anakohoa, kindi wote wanakimbia. Anakohoa mpaka anakaa chini. Nikaona nikisema sipendi, atapumzika."

"Na kwa nini hukumwambia ni ndefu?"

"Alikuwa anaionyesha kila mtu. Hadi mtu wa posta. Anasema, tazama dada yangu alichomchagulia mwanangu. Sasa nikisema mbaya si ningewatukana nyote wawili?"

Miaka tisa. Nilimwomba anyooshe mkono, nikapima kwa uzi wa jikoni kuanzia kiwiko hadi kidole, nikafunga fundo.

Kesho yake asubuhi nilitundika kibao cha "Tumefunga" mlangoni, nikaibana ile bunduki, niliyoondoka nayo kwao, kwenye jiriwa, nikazungushia utepe ili mti usipasuke. Nililia hata nikashindwa kuuona mstari wa penseli, ikabidi nifute macho kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki. Kisha nikakata. Nikapiga msasa, nikarudisha mpira wa nyuma, nikakaza skrubu mbili. Niliangalia saa ya ukutani. Kazi niliyoikataa Agosti ilikuwa imenichukua dakika ishirini.

Nikaipeleka kwao, na Raelynn akaiweka begani pale pale sebuleni, bolti wazi, mtutu ukiangalia dari. Ilikaa. Akaenda kusimama kando ya kitanda.

"Baba, nilidanganya. Napenda."

"Unapenda nini?"

"Kuwinda. Na wewe. Bunduki ndiyo ilikuwa ndefu, nikaona aibu kusema."

Denzil alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukamsubiri. "Mwongo mkubwa wewe," akasema alipoweza. "Umefanana na mama yako." Akaishika bunduki, akapitisha kidole gumba pale nilipokata, kisha akanitazama mimi. Nilitamani anitukane.

"Kesho tutapanda," akasema.

Misty akawa ananyoosha blanketi lililokuwa limenyooka tayari. Denzil aliangalia mrija wake ulivyolala sakafuni, akatikisa kichwa.

"Basi nenda na shangazi. Mniachie dirisha wazi. Kutoka kwenye ile mihikori mpaka hapa risasi inasikika vizuri, hata hiyo ndogo. Nikiisikia nitajua ni wewe. Itakuwa ni kama tumekwenda wote."

"Utasikiliza kweli?"

"Nina kazi gani nyingine?"

Akampa maelekezo nusu saa nzima, akipumzika kila baada ya sentensi. Kaa chini, mgongo kwenye mti. Usimfukuze kindi kwa macho, mngoje atulie aanze kutafuna. Toa pumzi nusu, ishike, halafu vuta taratibu. Nilikwenda jikoni kusimama peke yangu. Sikuweza kumsikiliza mtu asiye na pumzi akimfundisha mwingine namna ya kuibana.

Kesho yake, Jumamosi, tulivaa vizibao vya rangi ya chungwa ili tuonekane, maana ilikuwa msimu wa kulungu na kila mwenye kidole alikuwa msituni. Misty alifungua dirisha la sebuleni, baridi ikaingia, Denzil akiwa amevutiwa blanketi mpaka kidevuni. Raelynn alimpungia mkono kutoka uani. Naye akampungia.

Tulivuka kijito, tukapanda kwa saa nzima. Mtoto alinitangulia, akichagua pa kukanyaga, akisimama kila baada ya hatua chache kusikiliza, na sikumfundisha hayo mimi. Chini ya mihikori aliketi, akaegemeza mgongo. Tukangoja mpaka vidole vyangu vya miguu vikafa ganzi.

Kindi wa kwanza alishuka upande wa kushoto. Raelynn akapiga, akakosa, kipande cha gome kikaruka. Nilimtazama nikidhani atalia. Alivuta bolti akaweka risasi nyingine. Baada ya robo saa akapiga tena, akakosa tena, kwa wembamba wa unywele.

"Nilivuta haraka," akanong'ona.

"Ulivuta haraka," nikakubali.

Wa tatu alikuja akakaa juu ya tawi lililo wazi, mkia mgongoni, akaanza kutafuna. Mtutu haukuyumba. Nilimsikia Raelynn akitoa pumzi nusu. Risasi ikalia, kindi akaanguka kwenye majani bila kutapatapa. Mtoto alifunga kizuizi cha usalama kwanza, akaiweka bunduki chini vizuri, ndipo akanigeukia, na uso wake siwezi kuueleza.

"Amesikia," akasema. "Amesikia, shangazi! Twende!"

Aliteremka mlima mbio, nami nikimfokea aende taratibu. Kufika uani akabaki kwenye bomba la nje kumsafisha kindi, kama baba yake angetaka. Mimi nikaingia. Misty alinipokea mlangoni, ameweka kidole mdomoni.

Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo limeshushwa.

"Alilala hata hamjavuka kijito," akaninong'oneza. "Ile dawa ya maumivu. Alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya bluu, nikafunga."

"Hajasikia chochote?"

"Wifi, hata ungepiga humu ndani asingesikia."

Sikupata hata nafasi ya kufikiri tufanye nini. Mlango ukafunguliwa, Raelynn akaingia na bakuli, mashavu mekundu kwa baridi. Denzil akafumbua macho.

"Baba! Ulinisikia?"

Alituangalia mmoja mmoja, akaliona bakuli. Nilimwona anang'amua mambo, polepole, kama mtu anayepapasa swichi ukutani.

"Nikusikie vipi nisikusikie?" akasema. "Moja tu. Pwaa! Nikamwambia mama yako, huyo ni Raelynn, na hiyo imempata. Risasi moja."

Misty aligeukia mlango wa jikoni. Raelynn alisimama na bakuli lake. Niliona midomo yake ikisogea bila sauti, anahesabu. Kisha akaangalia dirisha, akaangalia komeo.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Moja tu."

"Moja tu!"

"Nilitoa pumzi nusu kama ulivyosema."

Misty alikaanga nyama, akatengeneza mchuzi mzito wa unga na maziwa, na mikate ya moto. Denzil hakuweza kumeza zaidi ya mchuzi wa ncha ya kijiko. Alisema hajala kitu kitamu hivyo tangu mama yetu afariki.

Aliishi siku tisa zaidi. Kila aliyekuja kumwona, mchungaji, vijana wa zamu yake ya zamani mgodini, mtu wa posta, aliambiwa habari ile ile: risasi moja, miaka tisa, nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu haya. Na kila mara alimgeukia mtoto kama shahidi, na kila mara mtoto akasema ndiyo, moja. Siku ya mazishi wanaume wakubwa wenye vumbi la makaa kwenye mistari ya mikono walipanga foleni kumpa mkono. "Risasi moja, eh?" "Ndiyo, bwana."

Jioni hiyo tulikuwa wawili jikoni kwao, mimi naosha vyombo, yeye anakausha. Alikausha sahani moja mpaka ikaanza kulia.

"Shangazi, zile mbili usimwambie mtu."

Nikamwambia sitamwambia mtu. Ninyi nawaambia kwa sababu hamumjui na hamtakutana naye. Aliiweka sahani kabatini akachukua nyingine, nami nikaacha maji yatiririke kwa nguvu ili asinisikie.